Shilingi 31 kwa Siku: Hesabu ya Mwaka Mmoja wa Shule ya Msingi

Shilingi 31. Hicho ndicho kiasi ambacho ruzuku ya uendeshaji inamwachia mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi ya serikali, Tanzania Bara, kwa kila siku ya masomo. Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Kila mtoto amepangiwa shilingi 10,000 kwa mwaka; 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule. Mwaka wa shule una siku 194. Gawa, upate shilingi 31 kasoro senti chache.

Kwa shilingi 31 hupati andazi. Lakini fedha hiyo hiyo inatakiwa inunue chaki, karatasi za mitihani na kitasa kipya cha stoo, imlipie mwalimu mkuu nauli ya kwenda halmashauri, kisha ibakize kitu cha mpira, filimbi na ngoma iliyopasuka ngozi. Mzazi anayelalamika kwamba shule ya mwanawe haina michezo anastahili kuiona hesabu hii kwanza. Na mwalimu mkuu anayesema michezo haifanyiki kwa sababu hakuna fedha, naye akae chini aipige hadi mwisho, kwa sababu mwishoni inasema jambo tofauti kidogo na anavyodhani.

Tuanze na hiyo 10,000 ilikotoka. Mwaka 2001 ada ya shule ya msingi ilifutwa, na mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Wanafunzi waliokuwa kama milioni 4.4 mwaka 2000 walifika milioni 7.5 hivi mwaka 2005. Ruzuku ilipangwa kwa dola, 10 kwa kila mtoto, enzi ambayo dola moja ilikuwa chini kidogo ya shilingi 1,000. Baadaye dola ikasahaulika, zikabaki shilingi. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulipoanza kutumika Januari 2016, michango ya lazima iliondolewa na fedha zikaanza kutumwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule kila mwezi. Wakati ule zilitajwa shilingi bilioni 18.77 kwa mwezi kwa shule za msingi na sekondari pamoja. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na lipewe haki yake, maana kabla ya hapo shule nyingi zilikuwa zikipata sehemu tu ya ruzuku, tena kwa kuchelewa. Ila kiwango cha kila mtoto hakikusogea. Mwaka 2024 dola ilikuwa ikizunguka shilingi 2,600, kwa hiyo zile dola 10 zimekuwa pungufu ya 4. Kuzirudisha zilivyokuwa kungehitaji shilingi 26,000.

Sasa tuchukue shule ya mfano. Si shule fulani, ni ya kupigia hesabu tu: wanafunzi 400, darasa la kwanza hadi la saba, wastani wa watoto 57 kwa darasa, na walimu 9, ambao ndio wanaohitajika kwa kiwango cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Bei za sokoni nitakazozitaja ni za kukadiria. Msomaji abadilishe kwa bei za kwao, mwelekeo hautageuka.

Ruzuku ya shule hii kwa mwaka ni 6,000 mara 400, yaani shilingi 2,400,000. Kwa mwezi ni 200,000. Kiasi hicho ni sawasawa na posho ya madaraka aliyoanza kulipwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mwaka 2016. Posho ya mtu mmoja na fedha ya kuendeshea shule ya watoto 400 zimelingana hadi shilingi ya mwisho. Sisemi posho ipunguzwe; kazi ya mwalimu mkuu anaijua aliyewahi kuifanya. Nasema tu kwamba ukitaka kujua 2,400,000 ni kubwa au ndogo, hiyo ndiyo mizani iliyo karibu.

Mishahara ipo kwenye dunia nyingine kabisa. Kabla ya nyongeza ya 2022, mwalimu wa cheti aliyekuwa akianza kazi alilipwa shilingi 419,000 kwa mwezi. Walimu 9 kwa kiwango hicho cha chini kabisa ni shilingi 45,252,000 kwa mwaka, karibu mara 19 ya ruzuku. Majengo nayo: mwaka 2021, serikali ilipojenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, kila chumba kilipangiwa shilingi milioni 20. Shule yetu, kwa watoto 45 kwa chumba, inahitaji vyumba 9, sawa na milioni 180. Ingetegemea ruzuku yake peke yake, na isinunue hata chaki, ingejenga kwa miaka 75.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha za shule haipiti mikononi mwa shule. Inapita kwenye mishahara, inapita kwenye miradi ya ujenzi, inapita Taasisi ya Elimu kwenda kwenye vitabu. Kinachobaki kwa kamati ya shule kuamua ni kile kidogo, na ndani ya kile kidogo ndimo mwaka mzima wa mtoto unamobanana.

Angalia mtihani. Darasa la tatu hadi la saba katika shule hii lina watoto kama 285. Masomo 6, karatasi moja kwa kila somo, ni karatasi 1,710, rimu tatu na nusu hivi. Kwa shilingi 12,000 rimu moja, jaribio moja la mwezi linakula 41,000 kabla ya wino. Majaribio 8 kwa mwaka ni 328,000, sehemu moja ya saba ya ruzuku yote. Ndiyo maana ukipita kwenye shule nyingi siku ya jaribio utakuta maswali yako ubaoni. Mwalimu anaandika, watoto 57 wananakili, wa nyuma wananyanyuka kuuliza hiyo ni 6 au 8, na robo saa ya kipindi cha dakika 40 imekwenda kabla mtu hajajibu swali la kwanza. Karatasi imeokolewa, muda umelipa.

Halafu kuna chakula, ambacho hakimo kabisa kwenye zile 31. Hapa ndipo mzazi anapobeba shule, na ni haki mzigo huo upimwe. Chukua makande ya mchana: gramu 150 za mahindi na 40 za maharage kwa mtoto. Mara siku 194 ni kilo 29 za mahindi na karibu kilo 8 za maharage. Mahindi yakiwa 800 kwa kilo na maharage 2,500, mtoto mmoja anakula shilingi 42,680 kwa mwaka, mara saba ya ruzuku yake ya uendeshaji, na hapo hatujataja kuni, chumvi, mafuta wala ujira wa mpishi. Kwa shule nzima ni tani 11.6 za mahindi, magunia 116 ya kilo mia mia. Kijiji kinachokubaliana kwenye mkutano kwamba kila mzazi alete debe moja kinapaswa kujua kuwa debe la kilo 18 au zaidi kidogo linamfikisha mtoto siku 120 hivi, yaani mwishoni mwa Julai au Agosti. Baada ya hapo ndiyo zinaanza zile wiki ambazo sufuria linatoka siku tatu kwa juma, na mahudhurio yanashuka nalo. Tangu tangazo la Januari 2018 la kupiga marufuku michango, walimu wengi hawataki hata kuonekana wakiligusa suala hili. Limebaki la kamati na serikali ya kijiji, na penye kamati iliyolala watoto wanarudi nyumbani saa sita.

Sasa muda, ambao kwangu ndiyo fedha halisi ya shule. Vipindi 8 kwa siku, dakika 40 kila kimoja kuanzia darasa la tatu, ni saa tano na dakika 20. Kwa siku 194 vinakuwa vipindi 1,552, kama saa 1,035. Gawa ile mishahara kwa wanafunzi 400 na kwa saa hizo, utaona saa moja ya mtoto mmoja darasani inaigharimu serikali shilingi 109 hivi. Ni rahisi mno, ikiwa saa hiyo inafundishwa. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2010 ulipima jambo hilo katika shule za Tanzania: ratiba ilikuwa na saa tano na dakika 12 kwa siku, mtoto alifundishwa saa mbili na dakika nne. Zaidi ya nusu ya walimu hawakuwa darasani walipotembelewa bila taarifa, na wengi kati yao walikuwa palepale shuleni. Marudio ya 2014 yalionyesha nafuu, lakini pengo lilibaki. Kwa kiwango kile cha 2010, ile shilingi 109 inageuka kuwa kama 275 kwa saa iliyofundishwa kweli.

Nimeileta hesabu hii kwa sababu moja. Kila mwaka, kuanzia Aprili, husikika wazazi na hata maofisa wakisema michezo inawapotezea watoto masomo. Hoja hiyo ina historia: mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yaliwahi kusimamishwa kwa miaka kadhaa, kisha yakarejeshwa. Haya, tuipime. Vipindi viwili vya michezo kwa wiki, kwa wiki 39, ni saa 52. Katika saa 1,035 hizo ni asilimia 5. Zinazopotea bila mpira wala ngoma zilipimwa kuwa kama asilimia 60. Anayetafuta mwizi wa masomo asianzie uwanjani.

Isitoshe, tangu Januari 2024 hoja hiyo haina tena pa kusimama kisheria. Mtaala ulioboreshwa umeifanya Sanaa na Michezo kuwa somo kwa madarasa ya juu, na madarasa mawili ya kwanza yana Utamaduni, Sanaa na Michezo. Kuna muhtasari, kuna kitabu, kuna vipindi. Kilichosahaulika ni stoo. Somo jipya limekuja na kitabu chake, lakini mpira haukuja nacho. Umeachiwa ile ile 31.

Sasa tuseme kamati ya shule yetu ina ukarimu na imetenga asilimia 10 ya ruzuku kwa michezo na utamaduni. Ni shilingi 240,000 kwa mwaka, 600 kwa mtoto. Zinakwendaje? Kwa kawaida hununuliwa mipira miwili ya miguu na miwili ya netiboli, tuseme 35,000 kila mmoja, jumla 140,000. Zilizobaki, 100,000, zinachukua usafiri wa timu kwenda mashindano ya kata na pengine wilaya. Basi, zimekwisha. Mipira minne, watoto 400, na ikifika mwisho wa Septemba miwili imetobolewa na miiba ya uwanjani na mmoja umekwenda na mhitimu wa darasa la saba.

Usafiri huo ndio wa kuutazama kwa karibu, kwa sababu unatupeleka UMITASHUMTA. Mashindano haya ya shule za msingi hupanda kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa na hatimaye taifa, kwa kawaida mwezi Juni. Mtwara iliyapokea 2019 na 2021, Tabora ikafuata 2022. Kuna soka, netiboli, wavu, mpira wa mikono, riadha, michezo ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na kuna kwaya na ngoma. Ni mazuri, na mtoto aliyefika huko hasahau. Lakini hesabu yake ni kali. Bara ina mikoa 26. Kila mkoa ukipeleka watoto 100, ni 2,600. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa karibu milioni 11 kufikia 2020. Anakwenda mmoja katika kila 4,200 hivi. Shule yetu ya watoto 400, kwa wastani, itapeleka mtoto mmoja kwenye mashindano ya taifa mara moja katika miaka 10 na ushei.

Na kumfikisha si bure. Timu ya Kagera iliyokwenda Mtwara ilikuwa na karibu kilomita 2,000 za barabara kutoka Bukoba, kwenda tu. Sizungumzii kuyafuta, yalishafutwa mara moja na hakuna aliyepata faida. Nasema kwamba tumezoea kuita michezo ya shule kile kinachofanywa na mtoto mmoja kwa niaba ya wengine 4,200 walioshika uzio.

Kuna suala jingine la mita za mraba. Uwanja kamili wa soka, mita 105 kwa 68, ni mita za mraba 7,140, na wanacheza watoto 22. Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, kama mita za mraba 465, na wanacheza 14. Ndani ya uwanja mmoja wa mpira wa miguu vinaingia viwanja 15 vya netiboli kwa eneo. Ukiacha njia za kupita, tuseme 8. Viwanja 8 ni watoto 112 kwa wakati mmoja, badala ya 22, kwenye ardhi ile ile. Shule nyingi zina ule uwanja mkubwa tayari, nyasi zake zikiwa kwenye kona nne tu na magoli ya miti katikati ya vumbi. Kinachohitajika ni majivu ya jikoni ya kuchorea mistari, nguzo za miti, na mwalimu wa michezo mwenye filimbi. Wavulana watalalamika. Wafundishwe netiboli nao, wana mikono.

Tuzirudie zile 240,000 kwa mtindo huo. Mipira 8 ya bei nafuu, 25,000 kila mmoja, ni 200,000. Zinabaki 40,000 za kamba ya katani ya kuruka na kijiti cha mbio za kupokezana, ambacho hata fundi seremala wa jirani atakuchongea. Mpira wa rede watoto wanautengeneza wenyewe kwa soksi na matambara. Hawajawahi kuomba bajeti. Kwa saa 52 na watoto 400 tunapata saa 20,800 za mtoto akiwa mchezoni. Gharama inayoongezeka juu ya mshahara ni shilingi 12 hivi kwa saa ya mtoto mmoja. Hakuna kitu kingine katika mwaka wa shule kinachofika kwa bei hiyo.

Isipokuwa kwaya. Watoto 40 wakifanya mazoezi saa moja kwa siku 20 kabla ya mahafali ya darasa la saba ni saa 800 za kuimba, kukariri na kusikilizana, kwa shilingi sifuri. Ngoma inagharimu zaidi kidogo, lakini gharama yake hailipwi dukani. Ngoma yenyewe ni ya mzee fulani aliyekubali iende shule kwa siku mbili, njuga ni za shangazi wa mtu, kaniki na khanga zimetoka makabatini mwa akina mama. Mwalimu wa utamaduni hapo ni mtu wa kwenda kubisha hodi. Ndiyo maana shule isiyo na uhusiano na mtaa wake haina ngoma hata ikiwa na fedha, na nimeona shule ya vumbi tupu ikicheza mpaka mgeni rasmi akasahau hotuba yake. Ngonjera nazo, zile za watoto wawili kubishana kwa mashairi juu ya mada waliyopewa, zinafundisha Kiswahili kuliko majaribio mengi ya ubaoni, na karatasi yake ni moja.

Kwa kulinganisha tu, Kenya imekuwa ikimpangia mtoto wa shule ya msingi shilingi 1,420 za Kenya kwa mwaka. Kwa viwango vya 2024 hizo ni kama 28,000 za Tanzania, karibu mara tatu ya 10,000 yetu. Walimu wakuu wa huko nao wanalalamika kwamba hazitoshi na zinachelewa. Kwa hiyo kupandisha kiwango peke yake hakumalizi tatizo, ingawa bila kukipandisha hatuendi popote: kiwango kilichowekwa mwaka 2002 hakiwezi kuendesha shule ya leo, na kuongeza somo juu yake bila kuongeza shilingi ni kumtwika mwalimu lawama mapema.

Jumlisha sasa kwa mtoto mmoja: mshahara wa walimu 113,130, chakula 42,680, uendeshaji 6,000, vitabu 4,000. Ni 165,810 kwa mwaka bila sare, madaftari na majengo. Zile 6,000 ni asilimia 3.6 ya hesabu yote, na 600 za michezo na utamaduni hazifiki hata nusu ya asilimia moja. Hukumu yangu ni kwamba shule inayosema haina michezo kwa sababu ya fedha imekosea kifungu. Inakosa vipindi viwili vilivyoandikwa kwenye ratiba ambavyo havifanyiki, na ardhi iliyopangwa kwa ajili ya watoto 22. Fedha iliyokosekana kweli ni ya chakula na karatasi, na huko ndiko kelele za wazazi zinakotakiwa kuelekea.

Mzazi, kikao kijacho cha shule usiulize tu ufaulu. Mapokezi ya ruzuku yanatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Yaombe uyasome, halafu omba ratiba ya darasa la mwanao, hesabu vipindi vya Sanaa na Michezo, na umuulize mtoto vingapi vilifanyika wiki iliyopita.